Je, Wajua? Kiu Huua Betri Kabla ya Uzee

Katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, taa za LED zinazotumia betri zimechukua nafasi ya karabai kwenye mitumbwi mingi ya wavuvi wa dagaa. Kule Ulaya na Marekani, betri za aina hiyohiyo huendesha friji, taa na pampu ya maji ndani ya gari-nyumba, lile gari lenye kitanda, jiko na choo chake. Mahali ni tofauti, lakini betri ya risasi na asidi popote ilipo hudai mambo matatu: maji safi, chaji kamili na hewa ya kutosha. Anayeitimizia hayo huenda dukani mara chache. Anayeyapuuza hununua betri mpya huku ile ya zamani ingali na miaka ya kazi.

NDANI YA SANDUKU

Betri ya risasi ina zaidi ya miaka 160. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859 kwa kutumbukiza mabamba ya risasi ndani ya asidi ya salfuriki. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, aliiboresha kwa kupaka mabamba hayo rojo la oksidi ya risasi, nayo ikaanza kubeba umeme mwingi zaidi.

Mashua ya betri imeitangulia betri ya kuchajiwa. Mwaka 1838 Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa umeme wa betri katika mto Neva, St Petersburg. Betri zake zilikula zinki, na zinki ilipokwisha hapakuwa na njia ya kuzichaji upya.

Betri ya volti 12 kwa kweli ni betri sita ndogo. Kila seli hutoa takribani volti 2.1, na zote zimeungwa mkia kwa kichwa. Maji ya seli moja hayaendi kwa jirani yake. Kwa hiyo kufungua kifuniko kimoja ukaona maji yamejaa hakukuambii lolote kuhusu seli tano zilizobaki. Fungua vyote sita.

Kile tunachokiita asidi ya betri, sehemu yake kubwa ni maji. Katika betri iliyojaa chaji, asidi ni kama asilimia 36 tu ya uzito wa mchanganyiko huo. Karibu theluthi mbili ni maji, na hayo maji ndiyo yanayopungua.

Asidi yenyewe haipotei hewani. Betri isipomwagika wala kupasuka, asidi iliyotiwa kiwandani hubaki humo hadi mwisho wa maisha yake. Ndiyo maana betri iliyokauka huongezwa maji, si asidi. Anayeongeza asidi anaufanya mchanganyiko uwe mkali kupita kiasi, nao huanza kuyala mabamba.

KWA NINI INAKUNYWA

Chaji ndiyo inayoyamaliza maji. Betri ikikaribia kujaa, umeme unaoendelea kuingia hukosa kazi ya kufanya kwenye mabamba, hivyo huyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kwa betri ya volti 12, gesi hizo huanza kutoka kwa wingi chaji inapofika kama volti 14.4. Ule mchemko unaousikia betri inapochajiwa si wa joto. Ni maji yanayogeuka gesi.

Upotevu huo unahesabika. Kila ampea-saa moja inayoingia kwenye betri ya volti 12 iliyokwisha kujaa hupasua kama mililita 2 za maji. Ampea-saa 100 za ziada hugharimu mililita 200, yaani zaidi ya mililita 30 kwa kila seli.

Joto hufupisha maisha ya betri. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Betri iliyowekwa pembeni ya injini ya boti, Mombasa au Dar es Salaam, huishi kwenye joto kali siku nzima. Ihamishie mahali penye kivuli na upepo, hata kama waya utarefuka kidogo.

Chaja nzuri hupunguza volti kadiri joto linavyopanda. Kwa betri ya volti 12, kila nyuzi moja juu ya 25 hudai volti ipunguzwe kwa takribani 0.03. Chaja iliyopangwa kwa majira ya baridi ya Ulaya, ikitumika pwani bila kurekebishwa, huikausha betri upesi.

Paneli ya sola inayouzwa kama ya volti 12 hutoa kama volti 18 jua likiwaka. Ukiiunganisha na betri moja kwa moja bila kontrola, kile kifaa cha kudhibiti chaji, mabamba yanaweza kubaki wazi kabla ya msimu kuisha. Kontrola ni ya lazima.

Betri nzee hunywa kuliko changa. Mabamba ya betri nyingi za kazi nzito yana antimoni ndani ya risasi yake, na kadiri miaka inavyopita antimoni hiyo huhama kutoka bamba chanya hadi hasi. Ikishafika huko, maji hupasuka kwa volti ndogo zaidi. Betri iliyokuwa ikidai maji kila baada ya miezi miwili sasa itadai kila mwezi.

Seli moja ikinywa kupita wenzake, kuna kasoro. Huenda sanduku lina ufa, au seli hiyo imeanza kuharibika ndani. Ipime mapema kabla haijaziangusha nyingine tano.

MAJI GANI?

Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini, yale yanayouzwa madukani kama maji ya betri. Soma lebo kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya maduka huweka chupa za asidi kwenye rafu hiyohiyo.

Maji ya bomba na ya kisima hayafai hata yakionekana maangavu. Yana kalsiamu, magnesi, chuma na klorini. Chuma huifanya betri ijimalize yenyewe ikiwa imekaa tu, na klorini huishambulia risasi. Kuyachemsha hakusaidii: maji huondoka kama mvuke na madini hubaki sufuriani, tena mengi zaidi kwa kila tone.

Maji ya kunywa ya chupa nayo hayafai. Mengi yana madini kwa makusudi, ili yawe na ladha. Kinachomfaa mwenye kiu si lazima kiifae betri.

Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hupendwa na mafundi wengi kwa kuwa ni bure. Yametokana na mvuke, ni kweli, lakini yamepita juu ya vumbi, shaba na alumini kabla ya kufika kwenye ndoo. Bei ya chupa moja ya maji ya betri ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya betri yenyewe.

LINI, NA KIASI GANI?

Chaji kwanza, maji baadaye. Betri ikichajiwa, maji yake hupanda. Ukiijaza ikiwa haina chaji, yatafurika kupitia matundu wakati wa kuchaji na kumwaga asidi, na asidi hiyo ikishamwagika ndipo nguvu hupungua kweli.

Kuna hali moja ya kuanza na maji: mabamba yakiwa wazi. Hapo ongeza kidogo tu, mabamba yafunikwe, kisha chaji, halafu umalizie kujaza. Kuchaji mabamba makavu huyaharibu.

Kipimo cha kujaza ni karibu milimita 3 chini ya ncha ya ule mrija wa ndani unaoonekana ukifungua kifuniko. Usijaze hadi mdomoni. Nafasi inayobaki ni ya maji kutanuka na gesi kupita.

Sehemu ya bamba iliyokauka kwa hewa haiponi. Ukiongeza maji baadaye, sehemu iliyobaki nzima itaendelea na kazi, lakini ile iliyokauka imekwenda. Kukagua kabla ya kukauka ndiyo dawa pekee.

Penye joto na matumizi ya kila siku, kagua kila mwezi. Ukikuta maji hayajapungua miezi miwili mfululizo, unaweza kurefusha muda. Ukikuta mabamba yanakaribia kuonekana, fupisha. Kila betri hukufundisha ratiba yake, mradi uandike tarehe.

KUPIMA BILA KUBAHATISHA

Haidromita husema ukweli wa kila seli. Ni bomba la kioo lenye mpira wa kunyonya juu na kielea ndani. Kielea huonyesha uzito wa mchanganyiko ukilinganishwa na maji: betri iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280. Iliyoisha husoma karibu 1.120. Seli moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya 0.050 hata baada ya chaji kamili, hiyo ni mgonjwa.

Usipime mara tu baada ya kuongeza maji. Maji mapya ni mepesi, hukaa juu, na haidromita huyafyonza hayo. Chaji kwanza ili yachanganyike, ndipo upime.

Betri ikisoma chini, asidi haijapotea. Umeme unapotumika, asidi huingia kwenye mabamba na kuwa salfeti ya risasi, na chaji huirudisha majini. Hapa ndipo betri nyingi nzuri huuawa: fundi anaona kipimo kimeshuka, anaongeza asidi badala ya kuchaji, na chaji inaporudi betri inajikuta na asidi maradufu.

Mita ya volti nayo inafaa, kwa sharti kwamba betri imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika. Volti 12.6 hadi 12.7 ni chaji kamili. Volti 12.2 hivi ni nusu. Ikifika 12.0 au chini, inahitaji chaji leo, wala si mwisho wa wiki.

Lile jicho la kijani juu ya baadhi ya betri ni haidromita ndogo iliyo ndani ya seli moja tu. Seli tano nyingine zinaweza kuwa taabani huku jicho likimeremeta kijani.

HEWA, MOTO NA MACHO

Haidrojeni hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiendelea kusukumiwa ampea 10 kwa saa moja, hutoa kama lita 27 za gesi hiyo. Zinatosha kuifanya hewa yote ya chumba kilichofungwa cha lita 600 iwe baruti. Hakuna sigara, kibiriti wala cheche karibu na betri inayochajiwa.

Haidrojeni hupanda, gesi ya kupikia hushuka. Kwa hiyo chumba cha betri kinahitaji tundu juu, na mahali pa mtungi wa gesi panahitaji tundu chini. Gari-nyumba na boti yenye jiko vinahitaji yote mawili. Mvuke wa petroli nao hushuka na kutulia kwenye ngama, chini kabisa ya boti.

Maji ya bahari na betri havipatani kabisa. Chumvi ikiingia ndani ya betri yenye chaji, hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Mabaharia wa nyambizi waliiogopa kwa miaka mingi. Betri ya boti ikae ndani ya sanduku lililofungwa imara, juu ya kimo ambacho maji ya ngama hufika.

Nyambizi ya Marekani, USS Cochino, ilizama Agosti 1949 kaskazini mwa Norway baada ya milipuko ya haidrojeni na moto kwenye betri zake. Mabaharia waliofunzwa vizuri, wenye vifaa vyote, walishindwa kuuzima. Boti ndogo haina nafasi ya kujaribu bahati.

Fungua waya wa hasi kwanza, na uurudishe mwisho. Kwa mpangilio huo, spana ikigusa bodi ya gari kwa bahati mbaya hakuna cheche. Vua pete, saa na bangili: chuma kikigusa vichwa viwili kwa pamoja hugeuka moto kufumba na kufumbua.

Vaa miwani ya kujikinga na glavu kila unapofungua vifuniko. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali upesi hata kama maumivu yamepungua.

Magadi huzima asidi. Changanya na maji, paka juu ya ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri, utaona povu. Povu likikoma, suuza, kausha, kaza waya, kisha paka mafuta ya mgando. Hakikisha vifuniko vimefungwa wakati huo wote, maana magadi yakiingia ndani huua asidi unayoihitaji.

BETRI YA KUWASHA SI BETRI YA KUKESHA

Betri ya gari ina mabamba mengi membamba, yaliyotengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiifanya iwashe taa usiku kucha, kila siku, itachoka ndani ya muda mfupi. Betri ya kazi ya muda mrefu ina mabamba manene yanayovumilia kushuka na kupanda.

Ndiyo maana wenye boti na magari-nyumba hupenda betri za vigari vya gofu. Nyingi ni za volti 6 na hubeba zaidi ya ampea-saa 200. Mbili zikiungwa mfululizo hutoa volti 12. Zina nafasi kubwa ya maji juu ya mabamba, hivyo husamehe mwenye kusahau, japo si milele.

Nusu ndiyo mpaka. Betri inayotumiwa hadi nusu kisha ikachajiwa huhimili mizunguko mingi zaidi kuliko inayokamuliwa hadi tone la mwisho. Kuongeza betri ya pili na kutumia nusu ya kila moja mara nyingi ni nafuu kuliko kuichosha moja.

Zikiwa mbili sambamba, chukua chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya mwisho. Ukichukua zote kwenye betri moja, hiyo hufanya kazi zaidi na kuchajiwa zaidi, nayo hutangulia kufa. Wala usichanganye nzee na mpya: nzee huivuta mwenzake chini.

Asidi ni nzito kuliko maji, hivyo katika betri isiyosogezwa hujikusanya chini. Kwa betri za vifuniko, chaja nyingi zina hatua maalumu ya kupandisha volti hadi 15.5 au 16 kwa saa chache ili gesi ivuruge maji na kuyasafisha mabamba. Fuata maelekezo ya mtengenezaji, zima vifaa vyote kwanza, na ukague maji kabla na baada ya kazi hiyo.

Betri za AGM na za jeli hazifunguliwi, haziongezwi maji, wala hazifanyiwi hatua hiyo ya volti kubwa bila idhini ya mtengenezaji. Maji yaliyotoka kama gesi hayana njia ya kurudishwa. Zile za lithiamu hazina maji kabisa, lakini zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi 0.

INAPOPUMZIKA

Betri iliyoachwa bila chaji huota fuwele. Salfeti ya risasi iliyo laini leo hugeuka ngumu baada ya majuma kadhaa, na chaji hushindwa kuiyeyusha. Ukiivuta boti pwani msimu wa upepo mkali, chaji betri ijae kwanza, kisha ichomoe waya.

Hata isipotumika, betri hujimaliza kwa takribani asilimia 5 kila mwezi, na zaidi penye joto. Ipime kila mwezi, uichaji kabla haijashuka chini ya volti 12.4.

Chaji huilinda na barafu. Kwa jamaa zetu walioko Kanada au Skandinavia: betri iliyojaa haigandi hadi karibu nyuzi 60 hasi, lakini iliyoisha inaweza kuganda karibu nyuzi 7 hasi na kupasuka.

Sakafu ya saruji haifyonzi umeme wa betri. Imani hiyo ilikuwa na msingi enzi za masanduku ya mbao na mpira, yaliyopitisha unyevu. Masanduku ya plastiki ya leo hayana tatizo hilo. Kinachoimaliza betri ya sakafuni ni kusahauliwa.

IKIFIKA MWISHO

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, nayo huweza kuyeyushwa na kutumika tena mara nyingi. Pia ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi ndani ya damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto.

Owino Uhuru, Mombasa, inaijua gharama hiyo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024.

Kwa hiyo usimwage asidi mtaroni wala ziwani, usivunje betri nyumbani kutafuta risasi, na usimpe mtoto aichezee. Irudishe nzima, na asidi yake ndani, kwa muuzaji au mnunuzi mwenye kibali.

Na hili ndilo linalounga haya yote: kila mwaka unaoongezea betri yako ni mwaka ambao risasi yake haiyeyushwi karibu na nyumba ya mtu. Mwezi huu chaji betri yako ijae, fungua vifuniko vyote, ongeza maji panapostahili, safisha vichwa, andika tarehe. Chupa moja ya maji ya betri hutosha kuanza.